Shajara ya mradi: kulinganisha kigunduzi cha njia cha CMS kwa myuoni za angani, 2007 hadi 2009

Hali ya kuanzia

CMS ni kigunduzi kikubwa cha chembe cha maabara ya CERN. Iko Cessy, upande wa Ufaransa wa mzingo wa LHC, mashine ya kugonganisha chembe, katika pango lililo takriban mita 100 chini ya ardhi. Katikati yake, ndani ya solenoidi inayotoa uga wa 3.8 T, kuna kigunduzi cha njia cha silikoni pekee: miaka hiyo kilikuwa na moduli (vipande vya silikoni vyenye elektroniki yake) 1,440 za pikseli, yaani vijisehemu vidogo vya kupimia, na moduli 15,148 za kanda, yaani mistari myembamba ya kupimia, eneo lililokaribia mita za mraba 200. Kinaonyesha chembe yenye chaji imepita wapi, na kwa kuwa uga huikunja njia hiyo, mkunjo wake ndio unaotupa momenta, yaani nguvu ya mwendo wa chembe.

Sehemu ya kanda ina vipande vinne. Pipa la ndani (TIB) lina tabaka 4, visahani vya ndani (TID) ni 3 kila upande, pipa la nje (TOB) lina tabaka 6, na vifuniko vya mwisho (TEC) vina visahani 9 kila upande. Umbali kati ya ukanda na ukanda ni mikroni 80 hadi 205, kutegemea tabaka. Ukanda wa mikroni 80 peke yake, bila kugawana chaji na jirani, hutaja mahali kwa usahihi wa mikroni 23, yaani 80 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 12. Usahihi huo ni bure kama mahali pa moduli yenyewe hapajulikani. Moduli imefungwa kwenye fito au petali, fito kwenye gurudumu, gurudumu kwenye bomba la kubebea, na kila kifungo huongeza kosa lake. Mwisho wa ujenzi moduli inaweza kuwa mamia ya mikroni nje ya mchoro. Kulinganisha, katika shajara hii, ni kutafuta mahali halisi pa kila moduli.

Kila moduli ina vigezo 6: misogeo mitatu (u katika mwelekeo unaopimwa, v kufuata ukanda, w kutoka nje ya bapa) na mizunguko mitatu. Moduli 16,588 mara 6 ni vigezo 99,528. Mwashi ana uzi na timazi, anapanga matofali kuufuata uzi. Hapa uzi ni myuoni, chembe yenye chaji inayoshuka kutoka angani na kupenya ardhi, na hakuna anayejua uzi umepita wapi ila kwa kuulizia matofali yaleyale yanayotakiwa kunyooshwa. Ugumu wote wa kazi hii uko hapo.

Machipuko na kiangazi 2007: jengo la kuunganishia, CERN

Kabla ya kushushwa pangoni, kigunduzi cha kanda kiliwashwa juu ya ardhi, sehemu tu ya moduli zikiwa na umeme. Vibao vya plastiki inayometa chembe ikipita viliwekwa juu na chini, na triga, yaani amri ya kurekodi, ilitoka pale vya juu na vya chini vilipometa pamoja. Juu ya vibao vya chini liliwekwa bamba la metali ya risasi lenye unene wa sentimita 5 ili kuzuia myuoni dhaifu. Ilikata zilizo chini ya MeV (kipimo cha nishati ya chembe) 200 hivi, kizuizi chepesi mno kwa kazi ya mikroni.

Tatizo kubwa la kipindi hiki ni kwamba hapakuwa na uga wa sumaku. Bila uga njia ni mstari ulionyooka, hesabu ni rahisi, lakini momenta haijulikani. Myuoni ya 1 GeV/c ikipita kwenye tabaka lenye 2% ya urefu wa mnururisho (kipimo cha unene wa kifaa machoni pa chembe) hupindishwa na atomi kiasi cha miliradiani 2, na sentimita 10 mbele huko ni mikroni 200 hivi za kupotea. Ya 10 GeV/c hupotea 20 tu. Zote mbili zinaingia kwenye data zikiwa na sura moja, na hakuna namna ya kuipa ya kwanza uzito mdogo.

Yalikusanywa matukio yapata milioni 5, katika halijoto za kuanzia +15 °C hadi −15 °C. Mbinu tatu tofauti za takwimu zilitumika kwenye data ileile, na zilipokubaliana ndipo matokeo yalipoaminiwa. Mtawanyiko wa masalio baada ya kulinganisha ulifanana na ule wa uigaji ambamo moduli zimesogezwa ovyo kwa mikroni 50 katika pipa la nje na 80 katika pipa la ndani. Masalio ni umbali kati ya mahali njia inapotabiri mguso na mahali mguso ulipoonekana. Ni neno litakalorudi tena na tena hapa chini.

Desemba 2007 hadi kiangazi 2008: kuunganisha na kuamsha

Kigunduzi cha kanda kiliingizwa ndani ya CMS Desemba 2007, kisha zikafuata nyaya, mabomba ya kupoozea na nyuzi za mwanga. Chipu za kusoma, APV25, ni 72,784, kila moja ikisoma kanda 128. Chipu mbili hushirikiana uzi mmoja wa mwanga, kwa hiyo nyuzi ni 36,392, na zinaishia kwenye kadi 440 za kupokea, FED, zilizo kwenye chumba cha elektroniki.

Kuamsha kunafuata mpangilio usiorukwa hatua, kwa kuwa kila hatua inategemea iliyotangulia.

Kwanza, nani ameunganishwa na nani. Leza za moduli zinawashwa moja moja na FED zinatazamwa ni mlango upi uliopata mwanga. Hapa ndipo nyuzi zilizobadilishana na viunganishi vyenye vumbi vinapojitokeza. Uzi uliobadilishana ni hatari kuliko uliokufa: unaleta data nzuri kabisa kutoka moduli isiyo yake, na baadaye kompyuta itajitahidi kuisogeza moduli sentimita kadhaa ili kuelewa inachokiona.

Pili, wakati. APV25 isipokuwa na cha kutuma, hutoa mpigo mmoja mfupi kila mizunguko 70 ya saa ya MHz 40, yaani kila mikrosekunde 1.75. Mpigo huu ndio alama ya kushika. Saa ya kila moduli inasogezwa kwa hatua za nanosekunde 1.04, na kwa kila hatua FED inapima kimo cha ishara. Ukiyachora majibu, unaona bapa, kisha ukuta unaopanda, kisha kilele kinachotulia na kushuka. Ukuta huo ndio unaotafutwa. Ukishapatikana kwa nyuzi zote, tofauti zinafidiwa, na sampuli inachukuliwa nanosekunde kadhaa baada ya ukuta, pale ishara ilipotulia. Uzi mrefu zaidi kwa mita moja huchelewesha nanosekunde 5 hivi, kwa hiyo hata kiunganishi cha ziada kinaonekana.

Tatu, nguvu ya mwanga. Leza ina mipangilio 4 ya ukuzaji, na unachaguliwa ule unaouleta mpigo karibu na hesabu 640 za FED. Ukizidisha, ishara kubwa zitagonga dari la 1,023. Ukipunguza, tarakimu zinakuwa chache mno. Nguvu ya leza hubadilika na joto, hivyo hatua hii haina maana mpaka upoozaji utulie, na ikibidi kubadilisha halijoto, inarudiwa.

Kisha kinarekebishwa kiwango cha sakafu cha chipu, na zinapimwa kelele. Kelele ya pamoja, ile inayopandisha kanda zote 128 kwa mpigo, huondolewa kwa kutoa mediani ya chipu. Inayobaki ni kelele ya ukanda mmoja mmoja, na hiyo inafaa kusomwa kwa makini kwa sababu ni daktari mzuri. Kelele hukua pamoja na kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, na kapasitansi hukua na urefu wa ukanda. Ukanda wenye kelele ndogo kupita kiasi umekatikiwa waya mwembamba unaoufunga kwenye chipu, na haujaungana na kitu. Moduli za nje zina vipande viwili vya silikoni vilivyofungwa mfululizo. Ukanda wenye kelele ya katikati umekatika kati ya kipande cha kwanza na cha pili, na nusu yake bado inafanya kazi. Moduli nzima ikiwa na kelele kubwa, tazama kwanza kama volti ya juu imefika. Bila kufungua kitu unajua penye ugonjwa.

Kigunduzi cha pikseli, tabaka 3 za pipa na visahani 2 kila upande, kiliingizwa kiangazi 2008 na kuamshwa kwa kudungiwa chaji ya majaribio. Boriti za kwanza zilizunguka LHC tarehe 10 Septemba. Tarehe 19 Septemba muungo wa umeme kati ya sumaku za LHC ulishindwa, heliamu ikafumuka, na migongano ikaahirishwa. Kwa kigunduzi cha njia hilo lilimaanisha muda, na muda ndio uliokuwa haba.

Oktoba na Novemba 2008: wiki nne chini ya 3.8 T

Kipindi hiki kinaitwa CRAFT. CMS nzima iliendeshwa mchana na usiku, sumaku ikiwa juu, triga ikitoka kwenye vyumba vya myuoni vinavyolizunguka pipa. Yalirekodiwa matukio milioni 270 ya myuoni za angani. Kati ya hayo, yenye myuoni ndani ya kigunduzi cha kanda ni kama milioni 15. Vyumba vya myuoni ni vikubwa, kigunduzi cha njia ni kidogo katikati yake, na myuoni nyingi hukipitia pembeni.

Myuoni za angani hazina adabu ya saa. Chembe za migongano hutoka katikati kwa mpigo wa saa. Myuoni huja wakati wowote ndani ya nanosekunde 25, kutoka juu kwenda chini, na hutumia nanosekunde 8 hivi kuvuka kigunduzi. Kwa sababu hiyo APV25 ziliwekwa katika hali ya kilele, ambamo ishara huchukua nanosekunde 50 hivi kufika kileleni na husamehe. Hali ya pili, inayobana ishara kwa ajili ya migongano ya karibukaribu, ingepoteza chaji kwa kosa la nanosekunde chache.

Ucheleweshaji wa kusoma ulitafutwa kwa myuoni zenyewe: kwanza hatua za nanosekunde 25, unachora chaji ya mguso dhidi ya ucheleweshaji mpaka uone kilima, kisha hatua ndogo karibu na kilele. Chaji lazima isahihishwe kwa pembe kabla ya kuchora. Myuoni inayopita kwa mshazari husafiri ndani ya silikoni zaidi, huacha chaji zaidi, na moduli yenye myuoni nyingi za mshazari itadhaniwa imewekewa wakati mzuri kuliko jirani yake. Baada ya hapo ukuzaji wa kila chipu ulisawazishwa kwa kutumia chaji inayotokea mara nyingi zaidi kwa milimita moja ya njia, ili chipu zote ziseme lugha moja.

Ufanisi wa kuona mguso na wa kujenga njia ulipimwa ukawa juu ya 99%.

Kusukumwa pembeni

Kabla ya kulinganisha chochote chini ya uga, kuna sahihisho moja ambalo likisahaulika linaharibu kimyakimya. Chaji inayosafiri ndani ya silikoni husukumwa pembeni na uga wa sumaku. Moduli za kanda hukusanya mashimo (nafasi zilizoachwa na elektroni), ambayo ni mazito kwenda, na tanjiti ya pembe yao ilipimwa takriban 0.07 katika TIB na 0.09 katika TOB. Silikoni ya TIB ina unene wa mikroni 320, ya TOB 500. Msogeo wa wastani ni nusu ya unene mara tanjiti: mikroni 11 katika TIB, 22 katika TOB. Pikseli hukusanya elektroni, ambazo ni nyepesi, na pembe yao ni kubwa mara kadhaa.

Sasa fikiria sahihisho halikuwekwa. Programu ya kulinganisha itaona moduli zote za TOB zimesogea mikroni 22, itazisogeza kwenye ramani, na masalio yatakuwa mazuri. Sumaku ikizimwa, ramani nzima ni ya uongo. Na penye moduli zilizofungwa zikitazamana migongo, msukumo unakuja kinyume kwa kila moja, kwa hiyo kosa linajificha kama mtawanyiko wa kawaida. Mtu anayefanya kazi hii kwenye kigunduzi chochote chenye sumaku apime pembe kwanza, na alinganishe data yenye uga na isiyo na uga.

Uchaguzi wa njia na hesabu

Njia zilizokubaliwa kwa kulinganisha ni zaidi ya milioni 3. Katika mbinu ya moduli moja moja masharti yalikuwa: momenta zaidi ya 4 GeV/c, miguso angalau 8, miwili kati yake ikiwa ya vipimo viwili, khi mraba kwa daraja la uhuru (kipimo cha jinsi njia isivyokaa juu ya miguso yake) chini ya 6, na mguso wa ukanda uwe na ishara mara 12 ya kelele au zaidi. Sharti la momenta ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Ndilo lililokosekana 2007. Miguso ya vipimo viwili hutoka kwenye pikseli au kwenye moduli pacha zilizogeuzwa miliradiani 100, na bila hiyo njia inaweza kuteleza kufuata ukanda bila kupingwa.

Mbinu zilizotumika ni mbili. MillePede II huweka vigezo vya njia zote na vya moduli zote katika mfumo mmoja mkubwa wa milinganyo, huondoa vya njia kwa ujanja wa matriki, na kutatua vya moduli kwa pamoja. Inakumbuka kwamba moduli ya juu na ya chini zimeunganishwa na njia ileile, hivyo inaona mipotoko mipana. Udhaifu wake wakati huo: ilitumia umbo rahisi la njia ya mkunjo, bila kufuatilia kutawanyika ndani ya vifaa. Mbinu ya pili, HIP, huchukua njia zilizochorwa vizuri kwa kichujio cha Kalman (hesabu inayosahihisha njia mguso kwa mguso) pamoja na vifaa vyote, lakini hushughulikia kila moduli peke yake, kisha huchora njia upya, kisha hurudia, mara nyingi. Ni sahihi kwa mahali padogo na ni polepole kwa mipotoko mipana. Data za upimaji wa macho wakati wa ujenzi ziliongezwa kama kizuizi. Jibu lililochaguliwa lilikuwa kuzifuatanisha: MillePede ikatangulia, HIP ikamalizia juu yake. Ni uamuzi sahihi. Ukianza na HIP, makosa mapana hugawanywa vipande vidogo vinavyochukua mizunguko mingi kutoka.

Matokeo: mikroni 3 hadi 4 katika pipa na 3 hadi 14 katika vifuniko, kwa mwelekeo unaopimwa vizuri zaidi.

Khi mraba ndogo haithibitishi

Myuoni nyingi hushuka karibu wima. Moduli za juu na chini ya pipa zinapata njia tele. Za ubavuni, zilizosimama wima kama ukuta, zinapata chache na zenye pembe mbaya. Vifuniko vya mwisho pia vimesimama, na pikseli ni ndogo mno kiasi kwamba njia nyingi haziigusi kabisa. Ndiyo maana vifuniko vilibaki hadi mikroni 14.

Lakini uchache unaweza kutibiwa kwa kusubiri. Upofu hautibiki hivyo. Chukua kigunduzi chote ukisokote kama nguo inayokamuliwa: kila kipande cha z (mahali kwenye mhimili wa boriti) kizunguke kiasi kinacholingana na z yake. Myuoni iliyo wima hubaki karibu na z ileile tangu juu hadi chini, kwa hiyo inaona kipande kimoja kilichozunguka chote kwa pamoja, na masalio yake hayabadiliki hata kidogo. Zinazoweza kulalamika ni zile za mshazari tu. Ukiwa na milioni mia za wima bado hujui lolote kuhusu msokoto huo.

Myuoni za angani zina wema wao pia. Njia moja huunganisha nusu ya juu na ya chini, na mara nyingi haipiti katikati, kwa hiyo huziba baadhi ya mianya ambayo chembe za migongano, zinazotoka zote sehemu moja, haziwezi kuziba. Ndiyo sababu data za angani huendelea kuchukuliwa hata migongano ikishaanza.

Ili kujua upofu uko wapi, ramani iliyokamilika iliharibiwa makusudi kwa mipotoko 9, yaani mabadiliko ya r (umbali kutoka mhimili), ya φ (pembe ya kuuzunguka) na ya z, kila moja likifuata r, φ au z. Kisha ulinganishaji ukarudiwa. Mpotoko unaofutika ulionekana na njia. Usiofutika, njia hazina habari nao. Jaribio hili ni la bei nafuu na linafaa kufanywa kabla ya mtu kutangaza tarakimu yoyote.

Ukaguzi mwingine uliotumika. Kwa kila moduli yenye miguso 30 au zaidi ilichukuliwa mediani ya masalio. Kutawanyika huupotosha mguso mmoja mmoja lakini mediani hubaki mahali pake, na mtawanyiko wa mediani ndio unaoonyesha kosa la moduli. Mahali moduli zinapopandana, njia moja hugusa mbili zilizo karibu sana, na tofauti inasomwa kabla kutawanyika hakujafanya kitu. Miali 40 ya leza ya infraredi ya nanomita 1,075, inayogusa moduli 434, ilitoa ushahidi usiotegemea myuoni.

Ukaguzi unaostahili kuaminiwa kuliko wote ni kukata njia. Myuoni iliyopita katikati ya pikseli hukatwa mahali ilipokaribia zaidi kitovu, nusu ya juu ikachorwa peke yake na ya chini peke yake kana kwamba ni chembe mbili za mgongano. Ni myuoni moja, kwa hiyo nusu hizo lazima zikubaliane. Tofauti yao, igawanywe kwa kipeuo cha pili cha 2, ni usahihi wa kweli wa njia moja. 

Novemba 2009

Baada ya CRAFT visahani vya pikseli vilitolewa kwa matengenezo na kurudishwa. Kilichorudishwa hakikai mahali pake pa zamani kwa mikroni, kwa hiyo ramani ya pikseli ililinganishwa upya kwa myuoni za kiangazi 2009, ngazi ya miundo mikubwa kwanza, moduli baadaye. Sumaku nayo ikishushwa na kupandishwa inaweza kusogeza miundo hiyo. Kila mzunguko wa sumaku unaandikwa kwenye rejesta, na data za kabla na za baada hazichanganywi mpaka zilinganishwe.

Migongano ya kwanza ilikuja tarehe 23 Novemba 2009, nishati ya GeV 900, na njia za kwanza zilichorwa kwa ramani ya myuoni za angani. Kilichobaki wazi kwenye orodha: moduli za ubavuni, visahani vya TEC, na msokoto wa z.